Msimfiche Mama Mtoto Wake: Maswali Kuhusu Picha ya Mtoto Aliyefariki

Mimi ni mkunga hapa Tanga. Mtoto akizaliwa amefariki, naona jambo lile lile: mama bado yuko kitandani na dripu mkononi, na mashangazi wameshamfunga mtoto kwenye kanga, wanatoka naye. Haya ndiyo maswali wanayoniuliza koridoni.

Mtoto mfu ni yupi?
Ni aliyezaliwa bila dalili yoyote ya uhai. Shirika la Afya Duniani, likilinganisha nchi, huhesabu kuanzia wiki 28 za ujauzito. Duniani wanafikia takriban milioni 2 kwa mwaka. Huyo ni mtoto. Msimwite "mimba iliyoharibika".

Picha ya ukumbusho ni nini?
Ni picha ya mtoto huyo, peke yake au akiwa amepakatwa na wazazi, inayopigwa kabla ya maziko. Marekani, tangu 2005, wapo wapiga picha wa kujitolea wa shirika la Now I Lay Me Down to Sleep, ambao hufika hospitali bila malipo. Waanzilishi ni mama aliyefiwa na mwanawe mchanga na mpiga picha aliyewapiga picha siku hiyo. Hapa kwetu simu ya baba inatosha.

Si bora asimwone, ili asahau haraka?
Hapana. Hasahau. Mwanamke aliyehisi mateke miezi yote ile hasahau kwa sababu ninyi mmefunga mlango. Ninayemwona mimi ni mama anayerudi baada ya miezi mitano, halali usiku, moyo unamwenda mbio, ananiuliza: "Sista, alifanana na nani?" Siwezi kumjibu. Nimeshazalisha wengi baada ya wake.

Lakini akimwona si atarukwa na akili?
Nasema tena: hapana. Kulia si wazimu. Mwandaeni kwanza kwa maneno: mtoto aliyefia tumboni siku kadhaa ngozi huchubuka, midomo hubadilika rangi. Kisha mwulizeni. Akikataa msimlazimishe, ila mwulizeni tena kabla mtoto hajaondoka. Anayeamua ni yeye. Mama mkwe haamui, wifi haamui.

Maziko ni ya haraka. Muda uko wapi?
Picha ni dakika kumi, na hakuna aliyewaambia mwahirishe maziko hadi kesho. Kaeni karibu na dirisha, flashi zimeni. Ngozi ikiwa imechubuka, mfunikeni kwa kanga, mpige picha kiganja chake kikiwa juu ya kidole cha mama. Picha ya nyeusi na nyeupe huficha madoa. Familia ambayo imani yao haikubali picha, chukueni alama ya unyayo kwa wino wa muhuri, au mama abaki na kanga ya mtoto.

Simu za majirani zibaki mfukoni. Nimeshaona picha ya mtoto kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kabla mama yake hajamtia machoni.

Hana mtoto, kliniki arudi kufanya nini?
Kusahaulisha huku ndiko kunakoua. Mtoto mmemficha, kadi ya kliniki mmeichoma, mama mmemfungia ndani. Yeye ni mzazi kama wazazi wengine. Akitoka damu nyingi, akipata homa, uchafu wenye harufu, kichwa kuuma sana au macho kuona ukungu, aje siku hiyo hiyo, hospitali ya Bombo au kituo kilicho karibu. Maziwa yatajaa siku chache baada ya kujifungua, na mara nyingi hakuna aliyemwonya. Avae sidiria inayoshika vizuri na aweke kitambaa cha baridi.

Halafu ujauzito unaofuata nauliza, "Huu wa ngapi?" Mama mkwe anajibu, "Wa kwanza." Si wa kwanza! Mkinificha yule aliyefariki, mnanificha na sababu ya kumfuatilia huyu kwa karibu: presha, kaswende, malaria, kisukari. Msinifiche.

Picha aitunze nani?
Mtu ambaye mama anamwamini, mpaka mwenyewe aitake. Wengine huitaka jioni ile ile, wengine baada ya mwaka. Msiifute. Mama mmoja wa Pongwe huja nayo kliniki ndani ya bahasha, pamoja na kadi mpya. Nikimwuliza ujauzito wa ngapi, huitoa kwanza hiyo picha.