Hakuna Mshono Usoni, Lakini Kidonda Kipo

Kijana ameanguka na bodaboda Kongowea, Mombasa, amejigonga paji la uso, na jicho moja limezima papo hapo ingawa mboni haina hata mkwaruzo. Kilichoumia ni neva ya jicho, ndani ya mfereji wake wa mfupa. Baadhi ya wagonjwa hawa hupasuliwa kwa endoskopu, kamera nyembamba inayopitishwa puani. Wakirudi nyumbani hawana bandeji wala mshono, na majirani husema, "Huyu hakukatwa popote."

Amekatwa. Daktari hupita hadi kwenye uwazi wa mfupa ulio nyuma kabisa ya pua, akaondoa mfupa wa mfereji huo wenye urefu wa sentimita 1 hivi, jirani na utando unaozuia maji ya ubongo. Utando ukichanika, iwe kwa upasuaji au kwa ajali yenyewe, maji huvuja puani na vijidudu vya pua hupata njia ya kupanda. Hapo homa ya uti wa mgongo huweza kuingia. Haiwapati wengi, lakini huua.

"Ni mafua ya kusi tu." Kauli hii ndiyo inayonitia hofu zaidi. Kamasi huwa nzito. Maji ya ubongo ni maangavu, aghalabu hutoka tundu moja, huongezeka mtu akiinama na huacha ladha ya chumvi kooni. Nilimwona mgonjwa akiinama kutafuta ndara zake. Matone matatu yakadondoka sakafuni, maangavu kama maji ya kunywa. Mkewe alikuwa ameshamnunulia dawa ya mafua.

Wengine hudhani udhu hautimii bila kupandisha maji puani. Katika madhehebu ya Shafi, wanayoyafuata Waislamu wengi wa Pwani, hiyo ni sunna, na mgonjwa anaruhusiwa kusali ameketi, akiashiria sijida. Ukiagizwa kuosha pua kwa maji ya chumvi, tumia yaliyochemshwa yakapoa, si ya kisima wala ya mkokoteni. Usipenge kamasi mpaka uruhusiwe. Chafya ikija, fungua mdomo.

Viuavijasumu vilivyobaki kabatini havizibi utando. Na steroidi, dawa za kupunguza uvimbe ambazo wengine hupewa baada ya ajali, zaweza kuficha homa.

Wala upasuaji si lazima kwa kila mtu: utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 1999 haukuona faida ya wazi ya upasuaji wala steroidi kuliko kumwangalia tu mgonjwa. Uliza kabla ya kutia sahihi.

Mgonjwa kichwa kikimuuma vikali, shingo ikikaza, mwanga ukimkera au akianza kuchanganyikiwa, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku na mko Likoni mnangoja feri. Mwambieni daktari wa zamu kwamba alipasuliwa kupitia puani. Usoni hataona alama.