Je, wajua kwa nini studio ya filamu California haiwezi kumfunga mwigizaji kwa zaidi ya miaka saba?

Mkataba wa miaka saba unaisha lini? Swali linaonekana la kitoto. Umeanza kazi Mei 1936, hesabu kwa vidole, umemaliza Mei 1943. Lakini Hollywood ya zamani ilikuwa na kalenda yake, na kwa kalenda hiyo miaka saba iliweza kufika minane au kumi, tena kihalali kabisa, kwa karatasi uliyotia saini mwenyewe. Aliyeichana kalenda hiyo ni mwanamke mwenye umbo dogo na sauti ya upole, ambaye watazamaji walimzoea kama mpenzi wa steringi katika filamu za mapanga: Olivia de Havilland.

Alizaliwa Tokyo tarehe 1 Julai 1916. Wazazi wake walikuwa Waingereza, baba wakili wa masuala ya uvumbuzi, mama aliyewahi kuigiza jukwaani. Mwaka 1919 mama na mabinti zake wawili, Olivia na mdogo wake Joan, wakahamia California, wakakaa katika mji mdogo wa Saratoga. Baba akarudi zake Japani.

Kuingia kwake kwenye filamu kulikuwa bahati ya mchezaji wa akiba. Mwaka 1934 mwongozaji Max Reinhardt, mtu mkubwa wa tamthilia kutoka Austria, alikuwa akiandaa tamthilia ya Shakespeare, A Midsummer Night's Dream, kwenye uwanja wa Hollywood Bowl. Olivia, miaka 18, alichukuliwa awe mbadala wa mbadala wa nafasi ya Hermia. Waliomtangulia wakaitwa kwenye kazi nyingine, mmoja baada ya mwingine, na nafasi ikamwangukia yeye. Studio ya filamu ya Warner Bros. ilipoigeuza tamthilia hiyo kuwa filamu ilimchukua pamoja nayo. Mwaka 1935 akatoka katika Captain Blood pamoja na Errol Flynn, na wawili hao wakaja kucheza pamoja filamu nane. Mwaka 1936 akatia saini mkataba mpya. Huo ndio wenye hadithi yetu.

Mikataba ya studio za wakati ule inafaa kutazamwa kwa karibu, maana ilitungwa na watu wenye akili sana. Iliitwa ya miaka saba, lakini kwa kweli ilikuwa ya mwaka mmoja mmoja. Kila mwaka ulipokwisha, studio ilikuwa na hiari ya kukubakiza au kukuacha. Wewe mwigizaji hukuwa na hiari hiyo. Studio ilichagua filamu utakayocheza, nywele utakazovaa, na ikitaka ilikuazima kwa kampuni nyingine kama mtu anavyoazima trekta: wao wanapokea bei nzuri, wewe unaendelea na mshahara wako uleule wa wiki.

Na ukiikataa filamu? Unasimamishwa. Mshahara unakatwa kwa muda wote ambao filamu hiyo inapigwa na mtu mwingine, na huruhusiwi kufanya kazi kwingine. Mpaka hapo mtu anaweza kusema haya, hujafanya kazi, hulipwi. Ujanja uko kwenye hatua inayofuata: wiki zile ulizosimamishwa haziingii kwenye hesabu ya miaka saba. Zinahamishiwa mwishoni. Ukikataa filamu ya wiki kumi, hulipwi wiki kumi, halafu mkataba unarefuka wiki kumi. Ni kama tajiri wa daladala anayemnyima dereva posho kwa siku aliyokataa kuingia barabarani, kisha anamwambia siku hiyohiyo bado anamdai. Kadiri mtu alivyokuwa na msimamo, ndivyo kifungo chake kilivyorefuka.

Olivia alikuwa na sababu ya kukataa. Warner Bros. walimwona msichana mrembo wa kuokolewa na kubusiwa, basi. Mwaka 1938, baada ya The Adventures of Robin Hood, alikuwa nyota anayejulikana dunia nzima, lakini nafasi zilizofuata zilikuwa zilezile zilizobadilishwa gauni. Mtayarishaji David O. Selznick alipomtaka kwa nafasi ya Melanie katika Gone with the Wind, mkuu wa studio Jack Warner alikataa kumwazimisha. Hapo Olivia alifanya jambo ambalo halikuandikwa kwenye mkataba wowote: alimwalika mke wa Warner, Ann, wakanywe chai kwenye mgahawa wa Brown Derby, akamweleza shida yake. Ann akaenda kuzungumza na mumewe. Olivia akaipata Melanie.

Filamu hiyo ya 1939 ilimpa uteuzi wake wa kwanza wa Oscar, kama mwigizaji msaidizi. (Aliyeshinda ni mwenzake katika filamu hiyohiyo, Hattie McDaniel, Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata Oscar.) Uteuzi wa pili ulikuja kwa Hold Back the Dawn ya mwaka 1941, safari hii kama mwigizaji mkuu, na tuzo ikaenda kwa Joan, mdogo wake, aliyejiita Joan Fontaine kwenye filamu. Magazeti yalikula ugomvi wa dada hao kwa miaka mingi. Mimi nakiona cha kutazama zaidi kitu kingine: teuzi zote mbili alizipata akiwa ameazimwa, moja kwa Selznick, ya pili kwa Paramount. Nyumbani kwake, Warner Bros., hakuna filamu iliyomfikisha huko.

Basi akawa anakataa, anasimamishwa, anarudi, anakataa tena. Mei 1943 ilipofika, miaka saba ya ukutani ikatimia. Studio ikatoa daftari lake: bado unadaiwa wiki 25.

Kushtaki studio kulikuwa kujitafutia njaa, na mfano ulikuwepo. Mwaka 1936 Bette Davis, nyota mkali kuliko yeye katika studio ileile, alikimbilia Uingereza ili afanye filamu kwingine. Warner Bros. wakamfuata hadi mahakama ya London, wakamshinda, akarudi kazini. Lakini wakili wa Olivia, Martin Gang, hakwenda na hoja ya mateso wala ya sanaa. Alikwenda na kifungu cha sheria ya kazi ya California, namba 2855, kinachosema mkataba wa huduma binafsi hauwezi kutekelezwa dhidi ya mfanyakazi baada ya miaka saba tangu aanze kazi. Kifungu hicho asili yake ni ya karne ya 19, kipindi ambacho kikomo kilikuwa miaka miwili tu. Mwaka 1931 kikaongezwa hadi saba. Kilikuwa kimekaa pale, wazi, kila mtu akipita.

Kesi ilifunguliwa Agosti 1943. Mabishano yote yalisimama juu ya neno moja, "miaka". Studio ilisema ni miaka ya kazi iliyofanywa kweli. Gang alisema ni miaka ya kalenda. Kwa simulizi ya Olivia mwenyewe, wakili wa studio alimbana kizimbani ili aonekane nyota mwenye kiburi: si kweli kwamba ulikataa kucheza filamu fulani? Naye akajibu kwa utulivu kuwa hakukataa, aliomba udhuru. Yule Melanie mpole, safari hii kwa faida yake.

Machi 1944 akashinda. Warner Bros. wakakata rufaa, na Desemba mwaka huohuo Mahakama ya Rufaa ya California ikakubaliana naye. Februari 1945 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ikakataa kuigusa kesi, ikawa imekwisha.

Hoja ya mahakama ya rufaa ni ya kueleweka hata na asiye mwanasheria. Miaka saba ni miaka saba ya kalenda, uwe ulifanya kazi au ulikaa nyumbani. Je, mfanyakazi hawezi kukubali mwenyewe kuirefusha, maana alitia saini? Hawezi, kwa sababu kinga hiyo imewekwa na sheria kwa faida ya umma, si mali yake peke yake ya kugawa. Fikiria ingekuwa kinyume: kila mwajiri angechapa mstari mmoja chini ya fomu, "nimeachilia haki yangu ya miaka saba", na sheria ingebaki pambo. Mahakama ilitaka mtu afike siku ambayo yuko huru kupeleka kazi yake sokoni na kusikia bei yake. Waliofaidika haraka ni pamoja na waigizaji waliokuwa jeshini: miaka yao ya vita ikahesabika, haikusukumwa mwishoni.

Ushindi huo haukuwa wa bure. Jack Warner aliziandikia kampuni nyingine kuzionya zisimwajiri, na kwa karibu miaka miwili Olivia hakuingia studio. Alizunguka hospitali za kijeshi kuwatembelea majeruhi, kuanzia visiwa vya Aleutian kwenye baridi hadi Pasifiki ya Kusini, mpaka akalazwa Fiji kwa nimonia.

Aliporudi, alirudi kwa kuchagua. To Each His Own ya 1946, iliyotengenezwa na Paramount, ilimpa Oscar ya kwanza. The Snake Pit ya 1948 ilimweka ndani ya hospitali ya wagonjwa wa akili, bila urembo wowote, nafasi ambayo siwezi kuwaza Warner Bros. wangempa. The Heiress ya 1949 ikaleta Oscar ya pili. Miaka ya 1950 akahamia Paris, na mwaka 1965 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza jopo la majaji wa tamasha la Cannes. Mwaka 2017, siku moja kabla hajatimiza miaka 101, alifungua kesi nyingine California, dhidi ya kituo cha televisheni cha FX, akilalamikia namna alivyoonyeshwa katika tamthilia ya mfululizo. Hiyo alishindwa. Alifariki Paris tarehe 26 Julai 2020, akiwa na miaka 104.

Kifungu 2855 chenyewe bado kinafanya kazi, na wanasheria wanakiita Sheria ya De Havilland. Kuna tundu moja tu, na ni la muziki. Mwaka 1987 kampuni za kurekodi zilifanikiwa kuongezewa kipengele: mwanamuziki anaweza kuondoka baada ya miaka saba, lakini lebo inaweza kumdai fidia kwa albamu alizoahidi na hakuzitoa. Mwaka 2008 bendi ya Thirty Seconds to Mars ilisema mkataba wake umeisha kwa sheria hiyo, na kampuni ya EMI ikaishtaki ikidai dola milioni 30. Mwaka uliofuata pande hizo zilipatana. Baadaye mwimbaji wake, Jared Leto, alikwenda Paris kumtembelea Olivia de Havilland nyumbani kwake, akamshukuru ana kwa ana.