Moli ni ndugu yake korja

Juzi baada ya sala ya alasiri nilikaa barazani Wete, Pemba, na vijana wawili wa kidato cha nne wanaojiandaa na mtihani. Swali lao lilikuwa jepesi: maji mililita 36 ni moli ngapi? Mmoja hakusita. Akaandika 0.036 gawanya kwa 22.4, akapata 0.0016, akapiga mstari chini. Nikamuuliza hiyo 22.4 imetoka wapi. "Maalim, si ndiyo moli yenyewe? Moli moja ni lita 22.4." Mwenzake akamkata kauli: "Wee, moli ni uzito wa kitu kwa gramu." Siwalaumu. Kauli hizo mbili nimezisikia miaka na miaka, na ile ya kwanza nimeikuta imechapwa kwenye vitini vya tuisheni hivyo hivyo, bila neno "gesi" popote.

Moli ni idadi. Moli moja ya kitu ni chembe zake 6.02214076 × 10²³, ziwe atomu, molekuli au ioni. Ukiwa na gramu, gawanya kwa gramu za moli moja ya kitu hicho, utapata moli. Ukiwa na mjao (yaani ujazo) wa gesi, gawanya kwa mjao wa moli moja ya gesi katika joto na kanieneo (mgandamizo) uliyopewa. Ukiwa na mjao wa kimiminika, uzidishe kwanza kwa densiti, yaani gramu za kila mililita moja, upate gramu, ndipo ugawanye. (Skuli hutenganisha tungamo na uzito, nao wana haki. Mimi leo nasema uzito kama usemwavyo sokoni, maana ninalotaka kulisema ni jingine.)

Kinachoniumiza ni kwamba sisi ndio tulipaswa kulielewa jambo hili upesi kuliko wengi. Kiswahili cha biashara ya visiwa hivi kina vipimo vya aina tatu, na kila kimoja kina jina lake. Frasila ni uzito, kiasi cha kilo 16. Pishi ni ujazo, vibaba vinne. Korja ni hesabu, vitu ishirini. Mchumaji wa karafuu hulipwa kwa pishi, lakini karafuu kavu huuzwa kwa kilo, na kila aliyewahi kuanika majamvini anajua kwamba pishi ya mbichi na pishi ya kavu hazilingani kwenye mizani. Hakuna mzee wa Pemba atakayekwambia pishi ni kilo fulani bila kukuuliza kwanza: pishi ya nini?

Korja nayo ina swali lake. Korja ya khanga na korja ya majamvi zote ni ishirini, ila moja unaibeba begani na nyingine inataka gari. Moli imo katika nyumba hiyo ya korja. Moli ya maji ni gramu 18, ya chumvi ya mezani gramu 58.5, ya sukari gramu 342. Idadi ni ile ile, mzigo ni tofauti. Na hapa pia lazima uulize "ya nini?", kwani moli ya atomu za oksijeni ni gramu 16, na moli ya molekuli zake ni gramu 32. Anayesema "moli ya oksijeni" akanyamaza hapo bado hajamaliza sentensi.

Yule kijana wa "uzito kwa gramu" ana utetezi, na utetezi wake umo ndani ya neno lenyewe. Kwa Kilatini *moles* ni bonge, rundo zito. Kutokana nalo likaundwa neno la kibonge kidogo, ndiyo molekuli tunayoijua. Katika miaka ya 1890 mkemia wa Kijerumani Wilhelm Ostwald alilifupisha neno molekuli likawa *Mol*, na kwake yeye lilikuwa uzito kweli: gramu za kitu zinazolingana kwa tarakimu na uzito wa molekuli yake. Ostwald hakuwa na raha na atomu. Mpaka kukaribia 1909 hakukubali kwamba zipo kwa hakika, basi angehesabuje asichokiamini? Mwaka huo huo wa 1909 Mfaransa Jean Perrin alipendekeza idadi ya molekuli katika bonge hilo iitwe kwa jina la Avogadro.

Moli ilipoingizwa katika vipimo vya kimataifa mwaka 1971 ilikuwa tayari hesabu, lakini bado imefungwa kamba kwenye mizani: chembe nyingi sawa na atomu zilizomo katika gramu 12 za kaboni-12. Kamba hiyo ilikatwa tarehe 20 Mei 2019. Tangu siku hiyo moli ni ile idadi niliyoiandika juu, kamili, bila kutaja gramu ya kitu chochote. Aliyekuwa sawa mbele ya Ostwald leo si sawa tena.

Sasa 22.4. Mwaka 1811 Mtaliano Amedeo Avogadro alisema gesi zenye mjao sawa, katika joto na kanieneo sawa, zina molekuli sawa kwa idadi. Sababu ni kwamba molekuli za gesi zimekaa mbalimbali mno, hata ukubwa wa kila moja ni kama si kitu. Katika nyuzi 0 na kanieneo ya angahewa moja, moli ya gesi huchukua lita 22.4. Nyuzi 0 ni joto la barafu. Kwa nyuzi 30, ambazo ndizo zetu hapa mwezi wa Februari, moli hiyo hiyo inataka karibu lita 24.9.

Kwenye kimiminika molekuli zimebanana, na ukubwa wa kila moja ndio unaoamua. Moli ya maji ni mililita 18 tu, fundo moja la mdomoni. Moli ya eujenoli, ile kemikali inayoyapa harufu mafuta ya makonyo (vikonyo vya karafuu), ina gramu 164, na kwa kuwa ni nzito kidogo kuliko maji hujaza kama mililita 154. Tazama tofauti hiyo, zote mbili zikiwa moli moja. Na lile fundo la maji ukilichemsha lote likawa mvuke wa nyuzi 100, hujaza zaidi ya lita 30.

Nikamwonesha yule kijana dumu la manjano lililokuwa mlangoni, la lita 20, limejaa. Kwa hesabu yake halijafika hata moli moja. Nikamwomba agawanye 20,000 kwa 18. Akapata 1,111, akalitazama dumu, akanitazama mimi.

"Kwa hiyo mililita 36 ni gramu 36, Maalim?"

Ndiyo, mwanangu, kwa kuwa ni maji, mililita moja gramu moja. Sasa gawanya kwa 18. Na hiyo 22.4 usiifute daftarini, iongezee neno tu mbele yake: gesi, nyuzi 0.