Si kweli kwamba Waingereza wa zamani walioga mara moja tu kwa mwaka

Ujumbe huu umezunguka kwenye magrupu kwa miaka mingi: eti Waingereza wa enzi za Tudor, ukoo wa kifalme uliotawala Uingereza (1485–1603), walioga mara moja tu kwa mwaka, mwezi Mei, wakaoana Juni kabla hawajanuka, na bibi harusi akashika maua kuficha harufu. Si kweli.

Walinawa uso na mikono kila siku, na mikono tena kabla ya kula. Aliyejiweza alibadilisha mara kwa mara shati la kitani lililogusa ngozi. Liliaminika kufyonza jasho na uchafu, kisha likafuliwa. Kinachochanganya watu ni hofu iliyokuwepo kweli: matabibu walidhani maji ya moto hufungua vitundu vya ngozi, hewa mbaya ikaingia na maradhi. Ndiyo maana wengi hawakujitosa kwenye pipa la maji ya moto, ila kujisafisha walijisafisha.

Na harusi? Rejesta za parokia, yaani vitabu vya kanisa vya kuandikia ndoa, zilizoamriwa mwaka 1538, nyingi bado zipo na zinasomeka: ndoa nyingi zilifungwa Oktoba na Novemba, baada ya mavuno. Na maua? Rozmari, mmea wenye harufu nzuri uliotumika harusini, iliashiria uaminifu.

Ukiletewa tena ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Mjibu aliyekutumia kwa upole, umtajie rejesta hizo.