Jamu ya Nairobi Haifuati Kalenda ya Ulaya: Dhana Potofu Kuhusu Kuhifadhi Matunda Nyumbani

Baridi ya Julai na Agosti ikishalegea, watoto wakirudi shule kwa muhula wa tatu na mijakaranda ikianza kuchanua kando ya barabara, simu zetu hujaa picha za kutoka Ulaya na Marekani: chupa za jamu zimepangwa rafuni, matufaha yamejaa vikapuni, watu wamevaa sweta mpya. Wenyewe wana sababu. Siku zao zinafupika, na baada ya wiki chache bustani haitatoa kitu. Sisi hapa Nairobi, nyuzi moja na ushei kusini mwa ikweta, jua letu la Septemba linachomoza na kutua karibu saa zile zile za Machi. Kuiga picha hakumdhuru mtu. Shida huanza tunapoiga na maelekezo yaliyoandikwa chini yake, kwa sababu mengi yaliandikwa kwa jiko la mahali pengine.

"Septemba ndiyo mwezi wa kuhifadhi matunda"

Wa Uingereza, sawa. Hapa kila tunda lina mwezi wake. Maembe ya Machakos na Makueni hufurika sokoni kuanzia Desemba hadi Machi hivi, na wakati huo ndio mkokoteni unaosimama kwenye kona ya mtaa huuza maembe ya aina ya Ngowe na Apple kwa bei ya kutupa. Plamu za Limuru na za kule juu barabara ya Nakuru huja kuanzia Desemba pia. Mananasi, mapapai, pasheni na matunda damu hayakosekani mwaka mzima, yanapanda na kushuka bei tu.

Tufaha ndilo linalonichekesha. Mengi tunayonunua hapa hutoka Afrika Kusini, ambako huvunwa kati ya Februari na Mei. Anayepika matufaha Septemba "kwa kuwa ndiyo msimu" anapika tunda lililokaa kwenye ghala la baridi kwa miezi. Halina ubaya, linalika. Lakini kama unataka kuhifadhi tunda la bei nafuu lililo katika ubora wake, usiangalie kalenda. Muulize mama mboga wako ni kitu gani anacho kwa wingi wiki hii.

Septemba ina kazi yake, nayo ni maandalizi. Jua linarudi, mvua za vuli bado hazijafika, na kuna nafasi ya kukusanya chupa, kununua vifuniko vipya na kujaribu mkono kwa matunda damu kabla maembe hayajakukuta hujui pa kuanzia.

"Jamu haijaiva mpaka ifike nyuzi 105"

Dhana hii ndiyo inayoharibu jamu nyingi Nairobi, na wanaoharibikiwa hudhani kosa ni lao.

Jamu inaiva maji yakishapungua kiasi cha sukari kukolea na kushikamana na pektini, ule ute wa asili ulio kwenye tunda. Dalili yake ni kwamba mchanganyiko unachemka kwenye joto linalozidi lile la maji matupu kwa nyuzi nne hadi nne na nusu hivi. Mombasa maji huchemka kwenye nyuzi 100, kwa hiyo 104 au 105 ni sawa kabisa. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa inakandamiza kwa nguvu pungufu kuliko Pwani, na maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Jamu yetu basi iko tayari ikifika 98 au 99. Ukiisubiri ifike 105 utakuwa unakausha maji ambayo yangebaki, na utaishia na kitu cheusi kinachoshika meno na kunuka sukari iliyoungua.

Kama una kipimajoto, kitumbukize kwanza kwenye maji yanayotokota, usome namba, kisha uongeze nne na nusu. Hiyo ndiyo namba ya jiko lako, uwe Embakasi au Kikuyu.

Kama huna, kisosi kinatosha. Kiweke kwenye friza kabla hujawasha moto. Jamu ikianza kutoa mapovu mazito yanayopasuka polepole, na kijiko kikiacha njia kwenye sakafu ya sufuria, zima gesi kabisa. Ukiacha moto unawaka jamu itaendelea kuiva wakati wewe unapima. Dondosha kidogo kwenye kisosi baridi, subiri dakika moja, kisha sukuma ukingo kwa ncha ya kidole. Ikikunjamana juu kama utando wa maziwa yaliyopoa, imeiva. Ikitiririka na kuziba njia ya kidole, washa tena dakika mbili tatu.

Mwinuko huo huo una upande wa pili, na huu ni wa usalama. Kila anayepika githeri anajua mahindi na maharagwe huchelewa kuiva huku juu kuliko Pwani. Maji yanatokota, lakini si ya moto vilevile. Sasa, chupa zilizojazwa jamu na kufunikwa huchemshwa ndani ya maji ili vijidudu vife na kifuniko kijivute. Maelekezo ya usawa wa bahari husema dakika 5. Kuanzia mita 300 hadi karibu mita 1,800, muda huo ni dakika 10, na Nairobi kwa sehemu kubwa imo humo. Ukipanda zaidi ya hapo, Ngong au Limuru, ni dakika 15. Saa huanza kuhesabiwa maji yanapotokota, yakiwa yamefunika vifuniko kwa inchi moja au mbili.

Katika hili kuna nafuu isiyojulikana sana. Kwa kuwa chupa itachemka dakika 10 au zaidi ikiwa na jamu ndani, hakuna haja ya kuichemsha tupu nusu saa nzima kabla ya kuijaza. Ioshe vizuri kwa sabuni, suuza, iweke kwenye maji ya moto. Iwe ya moto, kwa sababu jamu inayotokota ikiingia kwenye chupa baridi, chupa hupasuka.

"Tunda ni tunda, na sukari inalinda kila kitu"

Sukari hulinda kwa kuyashika maji yaliyomo ili bakteria na ukungu wakose ya kutumia. Ndiyo maana ukipunguza sukari nusu "kwa ajili ya afya" unapata kitu kingine. Ni kitamu, sikatai, ila ni cha friji, na kiliwe ndani ya wiki tatu hivi. Si cha kuweka kabatini hadi Pasaka.

Kinachowasumbua wataalamu zaidi ni uchachu. Bakteria wa botulismu, ambaye sumu yake hushambulia mishipa ya fahamu na inaweza kuua, huota mahali pasipo na hewa, yaani ndani ya chupa iliyofungwa barabara. Kinachomzuia ni asidi. Chakula chenye pH (kipimo cha uchachu: namba ikishuka, uchachu unazidi) ya 4.6 kushuka chini hakimruhusu kuota. Pasheni, nanasi, plamu na matunda damu ziko salama chini ya mstari huo. Embe bichi pia. Embe lililoiva sana linaweza kuukaribia mstari au hata kuuvuka, basi liongezewe maji ya limau. Nyanya nazo hucheza papo hapo mstarini, na kanuni ni vijiko viwili vikubwa vya maji ya limau ya chupa ya dukani kwa kila lita. Ya dukani, kwa sababu asidi yake imepimwa. Limau la sokoni leo ni kali na kesho si kali.

Papai, ndizi mbivu, tikiti na parachichi ziko ng'ambo ya pili. Tamu, laini, hazina uchachu. Usizifunge kwenye chupa na kuziweka rafuni eti kwa kuwa rafiki alifanya na hakufa. Papai pika na limau la kutosha ukaliweke friji, au likate vipande uligandishe. Na sufuria ya presha ya kupikia maharagwe haitoi jibu hapa. Inapanda na kupoa haraka mno, na maelekezo ya kuhifadhi kwa presha yalipimwa kwa vyombo vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo.

"Pindua chupa, itajifunga yenyewe"

Itajifunga, pengine. Jamu ya moto inagusa kifuniko, ikipoa inakivuta, nawe unasikia "tak". Lakini mvuto huo ni dhaifu, na hewa iliyobaki juu haijachemshwa vya kutosha kuua mbegu za ukungu. Simamisha chupa, acha nafasi ya robo inchi, futa mdomo wake kwa kitambaa safi, funika, chemsha. Chupa za jamu ya dukani zinaweza kutumika tena kwa vitu vya friji. Kwa kuhifadhi rafuni, kifuniko chenye ule mpira wa ndani ni cha safari moja.

Na hata huo mlio wa "tak" si cheti cha afya. Unasema hewa haipiti, basi. Chakula kisicho na asidi kinaweza kuwa na sumu ya botulismu kikiwa kimefungwa vizuri, hakinuki wala hakijabadilika rangi.

"Ukungu kidogo juu, kwangua tu"

Wazee wengi walifanya hivyo, na ni vigumu kubishana na shangazi aliyefika miaka 80. Hata hivyo ukungu una mizizi isiyoonekana, na aina nyingine hutoa sumu inayosambaa ndani ya jamu na isiyoisha kwa moto. Tupa.

Kanuni hiyo ianzie sokoni. Ukienda Marikiti asubuhi utauziwa maembe yaliyopondeka kwa bei nafuu, na ni biashara nzuri ukipika siku hiyo hiyo. Lililobonyea kwa kugongwa njiani, kata pale palipobonyea. Lenye manyoya ya kijani au harufu ya pombe halina sehemu nzuri ya kuokoa. Tena usiogope machache yaliyo magumu bado: tunda ambalo halijaiva sana lina pektini nyingi kuliko lililolegea, na katika kila kilo nne ni vizuri moja iwe ya namna hiyo. Mapera na mbegu za ndimu zina pektini kwa wingi. Nanasi lina kidogo, ndiyo maana jamu yake hubaki maji maji watu wakalaumu sukari.

"Sufuria yoyote inafaa"

Sufuria zetu nyingi ni za alumini. Uchachu wa pasheni au plamu huila alumini kidogo kidogo, na jamu hubeba ladha ya chuma na rangi iliyofifia. Tumia ya chuma kisichoshika kutu, pana kuliko ilivyo ndefu ili mvuke utoke haraka. Kama haipo, azima.

"Mafuta ndiyo yanayolinda achari"

Achari ya embe hulindwa na chumvi, uchachu wa embe bichi lenyewe, na siki au ndimu ukitia. Mafuta huzuia hewa tu, na tumeshaona ni nani anayependa mahali pasipo hewa. Kitunguu saumu kibichi kilichozamishwa kwenye mafuta matupu na kuachwa kabatini ni hatari inayojulikana. Katika achari yenye chumvi na uchachu wa kutosha, mafuta ni kwa ladha, na kwa kuweka viungo vilowe.

"Jua likiwaka, anika"

Juu ya bati, wazi? Vumbi la barabara, nzi, na jua kali lenyewe linapunguza vitamini A na C. Funika kwa wavu mwepesi au tumia kikaushio chenye kivuli na hewa inayopita, na ukate vipande vyembamba vya ukubwa mmoja. Julai hata usijaribu, kwa mawingu yale vitachacha kabla havijakauka. Januari na Februari ndio wakati wake, na kwa bahati maembe yako sokoni.

"Matunda ya friza hayana faida mwilini"

Kugandisha ndiyo njia inayohifadhi virutubisho vizuri kuliko zote hizi. Kinachobadilika ni umbo: barafu hupasua kuta za tunda, likiyeyuka linalegea. Kwa juisi, uji wa watoto au jamu ya baadaye, hilo halijalishi. Tandaza vipande kwenye trei, vigande kimoja kimoja, ndipo utie kwenye mfuko, la sivyo utapata jiwe moja la embe.

Kile kijisanduku cha barafu kilicho ndani ya friji ndogo ya bedsita si friza, maana hakifiki nyuzi 18 chini ya sufuri. Kitakuwekea tunda siku kadhaa, si miezi. Na stima zikipotea, usifungue mlango kuchungulia. Friza iliyojaa na iliyofungwa hushika baridi karibu saa 48; iliyojaa hadi nusu yake, karibu saa 24. Zikirudi, vipande ambavyo bado vina chembe za barafu unaweza kuvigandisha tena. Vilivyoyeyuka lakini bado ni baridi, vipike jamu jioni hiyo hiyo.