Aliyezaliwa Shambani Hahitaji Kufundishwa?

Watoto wa wafugaji na wakulima huanza kazi mapema: kushika jembe, kukamua, kuswaga ng'ombe hadi joshoni. Kinachosahaulika ni kuwaeleza kitu gani kinaumiza, na kwa nini. Pengo hilo huzibwa na maneno ya mtaani kama haya.

"Amekulia zizini, ng'ombe anawajua"

Anamjua ng'ombe wa jana. Aliyezaa usiku wa kuamkia leo ni mwingine. Yule mpole aliyekuwa akikunwa shingo anaweza kumkanyaga mtoto aliyemgusa ndama wake. Macho ya ng'ombe yako pembeni mwa kichwa, hivyo huona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake kabisa. Ukimjia kimyakimya kutoka huko atashtuka, na teke lake huzunguka hadi pembeni na mbele, si nyuma tu. Mfundishe kijana amsemeshe kwanza, amkaribie usawa wa bega, amwekee mkono mgongoni, ndipo ainame kukamua. Na kabla hajaingia zizini, ajue atatokea wapi. Hilo hata watu wazima hulipuuza.

"Mtoto akishika jembe ni ajira ya watoto"

Si lazima. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, mradi isimdhuru wala kumtoa shuleni. Kazi hatarishi ndizo zimekatazwa kwa aliye chini ya miaka 18. Kumwagilia bustani na kuokota mayai ni jambo moja, kupulizia sumu ni jingine kabisa.

"Hii ina alama ya kijani, haina neno"

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa kuwa huwa nasikia hata wauzaji wakiisema. Utepe wa rangi chini ya lebo ya kiuatilifu, yaani dawa ya kuua visumbufu vya mazao kama wadudu, hupanga ukali: nyekundu kali zaidi, kisha njano, bluu, kijani. Hakuna rangi inayosema "si sumu".

Mtazame kijana kwenye shamba la nyanya, bomba la kupulizia dawa la lita 16 mgongoni, mfuniko unavuja, fulana imelowa na kugandamana na mgongo. Wenzake hawana wasiwasi kwa sababu hajanywa kitu. Lakini viuatilifu vingi hupenya kwenye ngozi, na fulana iliyolowa huishikilia sumu mwilini saa nzima nzima. Jioni kichwa kinamgonga, mate yanamjaa, anatoka jasho, anataka kutapika, naye huambiwa ni jua. Kijana wa miaka 15 hapaswi kubeba bomba hilo kabisa. Anachopaswa kujifunza ni kusoma lebo: dozi, mavazi ya kujikinga, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Atakapofika umri wa kupulizia, awe anajua pia kutazama upepo, na kwamba nguo za kazi hazifuliwi pamoja na za mtoto mchanga.

"Amemeza sumu? Mpe maziwa"

Maziwa hayaui sumu. Kumlazimisha anywe au atapike, hasa akiwa amelegea, kunaweza kuipeleka mapafuni. Mwondoe penye sumu, mvue nguo zilizolowa, muoshe ngozi kwa sabuni na maji mengi, mkimbize hospitali, na ubebe ile chupa ya sumu pamoja na lebo yake ili daktari ajue anapambana na nini. Hapo ndipo utaona hasara ya kuhamishia sumu kwenye chupa ya soda: haina lebo, na mtoto mwenye kiu haulizi.

"Ng'ombe kafa ghafla, tugawane nyama, moto unaua kila kitu"

Moto haumsaidii aliyeshika kisu. Mnyama aliyekufa ghafla, damu isiyoganda ikimtoka puani au nyuma, ashukiwe kuwa na ugonjwa wa kimeta, ambao huambukiza hata watu. Ukimpasua, vijidudu hukutana na hewa na kugeuka mbegu ngumu zinazodumu udongoni miaka mingi, na mchunaji anaweza kuambukizwa kupitia mkwaruzo mdogo tu kidoleni. Kijana wa machungani ndiye huwa wa kwanza kuuona mzoga, kwa hiyo yeye ndiye wa kuambiwa: usiuguse, fukuza mbwa, swaga mifugo mbali, kisha mwite mtu mzima ampigie simu afisa mifugo.