Ushirikishaji wa umma katika bajeti ya Kenya: maana yake na mahali unapokwama

Ushirikishaji wa umma katika bajeti ni wajibu unaoitaka serikali na Bunge kuwapa wananchi nafasi ya kueleza jinsi wanavyotaka fedha zao zikusanywe na zitumiwe, na kuyazingatia maoni hayo kabla uamuzi haujapitishwa. Nchini Kenya huu ni wajibu wa kikatiba, wala si hisani ya watawala. Kifungu cha 201 cha Katiba ya mwaka 2010 kinautaja miongoni mwa misingi ya fedha za umma, na Kifungu cha 221 kinaiamuru kamati ya Bunge la Taifa inayochambua makadirio ya matumizi itafute maoni ya wananchi na iyazingatie inapoandaa mapendekezo yake. Kwa hiyo malalamiko yanayosikika kila mwezi Juni, Waziri wa Fedha anaposoma hotuba yake, si kelele za watu wasioelewa uchumi. Ni sehemu ya kazi yenyewe ya kutengeneza bajeti, ingawa mara nyingi huja kwa kuchelewa.

Kuchelewa huko kunatokana na jinsi kalenda ya bajeti ilivyopangwa. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini Hazina ya Kitaifa huwa imeanza kuuandaa karibu mwaka mzima kabla yake. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, Taarifa ya Sera ya Bajeti, ambayo ndiyo inayoweka ukomo wa matumizi ya kila sekta, hufikishwa Bungeni kufikia tarehe 15 Februari, na makadirio yenyewe hufikishwa kufikia tarehe 30 Aprili. Mswada wa Fedha, unaohusu ushuru, ndio unaowaamsha watu, kwa sababu unagusa bei ya mkate na mafuta ya kupikia moja kwa moja. Lakini unapojadiliwa, kiasi kinachotafutwa kwa njia ya ushuru kimekwisha kuamuliwa kwa sehemu kubwa na matumizi yaliyopangwa miezi kadhaa nyuma, na mwananchi hubakia kubishania ni ushuru gani utakaoziba pengo ambalo hakuulizwa lolote wakati lilipokuwa likifunguka.

Hayo yalionekana wazi mwaka 2024. Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulilenga kukusanya takribani shilingi bilioni 346 zaidi, na miongoni mwa mapendekezo yake ulikuwemo ushuru wa ongezeko la thamani (VAT) wa asilimia 16 kwa mkate, ushuru wa asilimia 25 kwa mafuta ya kupikia na ushuru wa asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka. Vijana waliusoma kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani ili wazazi wao nao wauelewe, kisha wakawaandikia na kuwapigia simu wabunge wao. Ninaihesabu kazi hiyo kuwa ushirikishaji wa umma ulio kamili kuliko vikao vingi vinavyoitwa kwa jina hilo. Tarehe 18 Juni baadhi ya mapendekezo, yakiwemo ya mkate na magari, yaliondolewa, lakini watu waliokuwa wakiukataa mswada wote hawakuona kuwa wamejibiwa. Tarehe 25 Juni wabunge 195 waliupitisha dhidi ya 106 walioupinga. Waandamanaji wakaingia katika majengo ya Bunge, na siku iliyofuata Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini. Makumi ya watu walipoteza maisha katika maandamano ya majuma yale, gharama ambayo hakuna mswada wowote wa fedha unaostahili kuidai.

Neno zito katika dhana hii ni “kuzingatia”. Je, Bunge linazingatia maoni kwa kuyapokea tu, au ni lazima lieleze kwa nini limeyakubali au kuyakataa? Swali hilo lilifika mahakamani kuhusu Sheria ya Fedha ya mwaka 2023. Tarehe 31 Julai 2024, Mahakama ya Rufaa iliibatilisha sheria hiyo, ikisema, pamoja na mengine, kwamba Bunge lilipaswa kutoa sababu zake. Mahakama ya Juu ilitengua uamuzi huo tarehe 29 Oktoba 2024: ilikubali kwamba kutoa sababu ni mwenendo mwema, lakini haikuuona kuwa ni sharti la wazi la sheria kama ilivyo sasa.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo pengo kubwa lilipo. Mtu anayesafiri kutoka Lodwar au Kwale kwenda kutoa maoni, akaandikisha jina lake, akazungumza kwa dakika chache kisha asisikie tena habari za alichokisema, hana njia ya kujua kama kilisomwa. Ripoti ya kamati inaweza kuorodhesha waliofika na walichokiomba. Inachopaswa kuongeza ni jibu fupi kwa kila hoja, lenye sababu ya kuikubali au kuikataa na makadirio ya gharama yake. Bunge halihitaji kubadilisha Katiba ili lifanye hivyo, kwa kuwa linaweza kuliweka sharti hilo katika sheria ya kawaida au katika Kanuni zake za Kudumu. Vikao navyo vingekuwa na uzito zaidi iwapo vingepelekwa mashinani mwezi Februari, wakati ukomo wa matumizi ya afya, elimu na barabara bado unaweza kusogezwa.